Noti Nne Zilizokufa: Hadaa ya Mpakani na Amana ya Waumini

Katika ubao wa matangazo wa msikiti wetu hapa Mwanza, jirani na mahali pa kuvulia viatu, zimebandikwa noti nne za shilingi 1,000 za Kenya. Wageni wanaoziona kwa mara ya kwanza hudhani kuna mtu aliyezisahau, na wapo watoto wa madrasa waliowahi kuuliza kama zinaweza kununua mpira. Haziwezi kununua hata kibiriti. Ni noti zilizokufa, na kila moja tuliipata kwa kutoa fedha halali ya waumini. Makala haya yanaeleza jinsi zilivyotufikia, sababu ya kutozitupa, na kwa nini tumeona ni wajibu wetu kuyasema haya mbele za watu badala ya kuyazika.

Safari ya taazia

Mwaka 2023, katika mwezi wa Shawwal, tulipokea habari ya msiba kutoka Kisumu. Ustadhi aliyefundisha madrasa yetu kwa miaka mingi, kisha akarejea kwao uzeeni, alikuwa amefariki dunia. Nusu ya wanakamati wa leo walianza alifu na be wakiwa wameketi mbele yake juu ya mkeka. Baada ya swala ya Ijumaa ukapitishwa mchango wa rambirambi. Walichanga wauza dagaa wa Mwaloni Kirumba, wakachanga madereva wa bodaboda, wakachanga kina mama wa darasa la Jumamosi, na mtoto mmoja alileta sarafu ndani ya soksi. Jumla ikawa shilingi 350,000. Kamati ikateua watu watatu kuzipeleka: mwenyekiti wetu, mzee aliyepita miaka sabini, mweka hazina, na katibu, ambaye ndiye mwenye kuandika haya.

Tuliondoka stendi ya Nyamhongolo mara baada ya Alfajiri. Basi likapita Magu, likapita Lamadi na Bunda, ziwa likijitokeza na kujificha upande wa kushoto, likavuka daraja la Kirumi juu ya mto Mara na kupanda milima ya Tarime. Njiani mzee wetu alitusimulia habari za baba yake, aliyekuwa akisafiri kwa meli kutoka Mwanza hadi Kisumu na bandari za Uganda, mfukoni akiwa na fedha ya aina moja tu. Masimulizi yake ni kweli tupu. Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, iliyoundwa mwaka 1919, ndiyo iliyotoa shilingi iliyotumika pande zote tatu za ziwa hili. Benki Kuu ya Tanzania ilifunguliwa Juni 1966, na ndani ya mwaka huohuo kila nchi ikaanza kutoa fedha yake. Nchi za Jumuiya zilitia saini itifaki ya umoja wa fedha Novemba 2013 zikilenga sarafu moja ifikapo 2024, lakini mwaka huo umepita bila sarafu hiyo. Kwa hiyo mjukuu wa msafiri yule wa meli hana budi kusimama mpakani na kubadilisha fedha. Hapo ndipo hadaa ilipotusubiri.

Salamu iliyokamilika

Tulifika Sirari saa saba mchana. Tulikaguliwa hati za safari na kadi za chanjo, tukagongewa mihuri, tukatokea upande wa Isebania. Kulikuwa na maduka rasmi ya kubadilisha fedha, yenye madirisha ya vioo na vibao vya viwango. Siku ile yalikuwa yakitoza shilingi 18 za Tanzania kwa shilingi 1 ya Kenya. Mweka hazina alikuwa ameshaelekea huko na bahasha mkononi.

Kijana mmoja akatukatiza njia. Alikuwa amevaa kofia safi ya viua, akatoa salamu kamili bila kupunguza neno, akamshika mzee wetu mkono kwa mikono yake miwili na kumwita Sheikh. Akauliza tutokako na tuendako. Aliposikia habari za msiba, aliinua mikono palepale barabarani akamwombea marehemu maghufira, nasi tukaitikia amina. Ndipo akasema, kwa sauti ya mtu anayewaonea wenzake huruma:

"Masheikh zangu, yale madirisha yanakula riba. Mimi nitawabadilishia kindugu, kwa kumi na saba na nusu. Na tufanye haraka, Adhuhuri isiwapite."

Kwa kiwango chake tungepata shilingi 20,000 kamili za Kenya. Dirishani tungepata 19,444. Tofauti ilikuwa shilingi 556, yaani kama shilingi 10,000 za kwetu. Tuliitazama faida hiyo, tukajiambia kuwa tunawaongezea wafiwa.

Akahesabu noti ishirini kwa sauti, mbele ya macho yetu, tena mara mbili. Hakuficha kitu kiganjani wala hakukunja noti. Mzee wetu, ambaye macho yake bado ni makali, aliona kuwa baadhi ya noti zina sura ya Mzee Jomo Kenyatta na nyingine zina picha ya jengo, akauliza kulikoni. Kijana akacheka kwa adabu. "Zile ni za zamani na hizi ni mpya, Sheikh. Za zamani bado zinatumika." Kisha akatoa mfukoni noti ya zamani ya shilingi 200, yenye sura ileile, akamwita muuza maandazi aliyekuwa akipita, akanunua mawili. Muuza maandazi akapokea bila kusita na kurudisha chenji. Maandazi yale alitupa sisi, akasema ni sadaka kwa wasafiri.

Tukaridhika. Tukatoa shilingi 350,000, tukatia noti zake ndani ya bahasha, tukaagana kwa dua.

Noti hufaje

Msomaji atauliza: kama muuza maandazi alipokea noti ya zamani, hadaa ilikuwa wapi? Jibu limo katika jambo ambalo wengi wa upande wetu wa mpaka hawalifahamu.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inakataza fedha ya nchi hiyo kubeba sura ya mtu yeyote. Kwa hiyo tarehe 1 Juni 2019, Siku ya Madaraka, zilitangazwa noti mpya zenye picha ya jengo la mikutano la Kenyatta jijini Nairobi. Noti za zamani za shilingi 50, 100, 200 na 500 ziliachwa ziendelee kutumika pamoja na mpya. Lakini noti ya zamani ya shilingi 1,000 ilipewa hukumu ya peke yake. Gavana wa Benki Kuu ya Kenya, Dkt. Patrick Njoroge, alieleza kuwa hatua hiyo ililenga kukabiliana na fedha haramu na fedha bandia, na wananchi wakapewa hadi tarehe 30 Septemba 2019 kuzirejesha. Kuanzia Oktoba Mosi mwaka huo, noti ile ikawa karatasi. Ulipofika mwisho wa muda, zaidi ya noti milioni 7 hazikuwa zimerejeshwa.

Kwa hiyo kijana yule hakutuambia uongo katika kila alichokisema. Noti yake ya shilingi 200 ilikuwa hai kweli, na muuza maandazi hakuwa na kosa lolote. Alichukua ukweli wa noti ndogo akaufanya shahidi wa noti kubwa, na sisi hatukujua kuwa ushahidi huo hauvuki kutoka mia mbili kwenda elfu moja. Katika noti zake ishirini, kumi na sita zilikuwa hai na nne zilikuwa zimekufa tangu miaka mitatu na zaidi.

Tusijione kuwa jambo hili ni la Kenya pekee. Benki Kuu ya Tanzania nayo iliondoa katika mzunguko noti za shilingi 20, 200, 500, 1,000, 2,000, 5,000 na 10,000 za matoleo ya 1985 hadi 2003, pamoja na noti ya shilingi 500 ya mwaka 2010. Zilibadilishwa kuanzia tarehe 6 Januari hadi 5 Aprili 2025, na baada ya hapo hazikubaliki tena katika malipo. Leo hii msafiri wa Kenya au Uganda anayeshuka Sirari au Mutukula anaweza kupewa noti hizo na mtu wa upande wetu, kama sisi tulivyopewa zile. Atakapolalamika, atawalalamikia Watanzania.

Kibanda cha chai

Tulifika Kisumu jua likikaribia kuzama, baada ya kupita Migori, Kisii na Ahero. Stendini tuliingia katika kibanda cha chai cha mama mmoja wa makamo. Hakuwa wa dini yetu. Shingoni alivaa msalaba mdogo. Tulipomaliza, mweka hazina alikuwa hana fedha ya Kenya ila ile ya bahasha, akachomoa noti moja kwa nia ya kurudishia baadaye kutoka mfukoni mwake. Mama akaiinua kwenye mwanga wa taa, akaishusha mezani taratibu.

"Baba, hii ilikufa zamani. Mmetoka Tanzania?"

Tukakubali. Akaifuta meza kwa kitambaa, akasema, "Ebu toeni zote tuziangalie." Zikapangwa juu ya meza safu mbili. Akazitenga nne kwa kidole kimoja, bila kusema neno. Tulipotoa noti nzima kumlipa, alirudisha chenji yake kamili, akatuonyesha kila noti kabla ya kutukabidhi. Mtu aliyetusalimia kwa salamu ya peponi alitudhulumu, na huyu asiyetusalimia hivyo alitutendea uadilifu. Tumelitafakari jambo hilo mara nyingi.

Kijana mmoja aliyekuwa akinywa chai kwenye benchi la nyuma akasogea. Akasema kwamba yeye angezichukua noti zile kwa shilingi 200 kila moja, ziwe nne kwa 800. Mzee wetu akamuuliza atazifanyia nini. "Hiyo si shida yenu," akajibu. Mama wa chai akamfukuza kwa kitambaa cha meza.

Lakini maneno yake yalibaki nasi. Tulipotoka nje, palepale penye giza la stendi, mmoja wetu alisema kuwa 800 ni bora kuliko hasara tupu. Mwingine, na huyo ni mwandishi wa makala haya, akasema jambo baya zaidi: kwamba rambirambi hutolewa ndani ya bahasha iliyofungwa, kwamba wafiwa hawatazihesabu mbele yetu, kwamba wao ni wenyeji na wanazijua fedha zao, huenda wakapata namna ya kuzitumia. Tulilisema kwa sauti ya chini, kama mtu anayeuliza tu. Tumesoma chuo cha Kiislamu, tumefundisha watoto Surat al-Mutaffifin na onyo lake kwa wapunjaji wa vipimo, na bado ulimi wetu uliweza kutamka hilo.

Mzee wetu akanyamaza kitambo. Kisha akasema:

"Mwizi alikuwa mmoja. Mnataka tuwe wanne?"

Hakuna aliyejibu. Tukaenda kuswali.

Nani abebe hasara

Usiku ule, baada ya kuswali Magharibi na Isha kwa kujumuisha, ndipo elimu yetu ilipoturudia, ikiwa imechelewa. Kijana alitutia haraka kwa Adhuhuri, ilhali msafiri ameruhusiwa kuichelewesha Adhuhuri na kuiswali pamoja na Alasiri. Alituogopesha kwa riba, ilhali kila mwanafunzi wa fikihi anajua kuwa fedha za nchi mbili ni aina mbili. Baraza la Kimataifa la Fikihi ya Kiislamu, katika kikao chake cha Amman mwaka 1986, lilithibitisha kuwa fedha za karatasi zina hukumu za dhahabu na fedha. Aina mbili tofauti zinapobadilishwa, kuzidiana kwa kiwango si riba, ilimradi makabidhiano yafanyike mkono kwa mkono kabla ya watu kuachana. Dirisha la kioo halikuwa na kosa lolote. Aliyekuwa na kosa ni yule aliyelituhumu, pamoja na sisi tuliojua hukumu tukaisahau kwa ajili ya shilingi 556.

Sharti hilo la kukabidhiana kabla ya kuachana lina hekima tuliyoielewa mle kibandani. Baraza la mabadilishano ndiyo nafasi ya kutazama, kuuliza na kukataa. Likishavunjika, mwenzako amepotelea katika umati, nawe umebaki na karatasi.

Likabaki swali la amana. Wanazuoni wameeleza kuwa mwenye kushika amana halipi kilichopotea mikononi mwake ila akivuka mpaka au akizembea. Je, tulizembea? Tungeweza kujitetea kuwa tumedhulumiwa, nasi tulidhulumiwa kweli. Lakini duka rasmi lilikuwepo, tukaliacha. Shaka ilijitokeza, mzee akaisema kwa ulimi wake, nasi tukaizima kwa andazi. Tulijihukumu kuwa tumezembea. Asubuhi kila mmoja alitoa shilingi 24,000 za Tanzania kutoka katika matumizi yake, zikawa 72,000, tukaingia katika duka lenye leseni, tukapewa shilingi 4,000 za Kenya na stakabadhi. Bahasha ikarejea kuwa 20,000. Tukaikabidhi kwa mtoto mkubwa wa marehemu mbele ya wazee wa familia, mama yao akiwa katika eda. Tulirudi Mwanza tukiwa na nauli tu, na chakula chetu njiani kilikuwa miwa ya Migori.

Ijumaa ya kusema

Tulidhani mambo yamekwisha. Fedha zimefika zote. Jamaa hawakupoteza kitu. Ya nini kuwasimulia? Katibu alipoandika taarifa ya safari, aliandika kuwa rambirambi zimekabidhiwa kamili, na hilo lilikuwa kweli. Mzee wetu akaisoma, akairudisha. "Umeandika kilichofika," akasema. "Hukuandika kilichotupata. Wengine watapita njia ile."

Basi Ijumaa ile, baada ya swala, alisimama yeye mwenyewe, akiwa na noti nne mkononi, akaeleza kila kitu: salamu, dua, andazi, na hata maneno yaliyosemwa gizani pale stendi, ingawa hakumtaja aliyeyasema. Msikiti ulikuwa kimya. Hatukumbuki kama tumewahi kutamani ardhi itumeze kama siku ile.

Watu walipotawanyika, watano walibaki. Mfanyabiashara wa samaki alisema alipigwa kwa namna hiyohiyo, kwa noti tatu. Mama mmoja alieleza kuwa mwanawe, aliyekuwa akienda kusoma Chuo Kikuu cha Kiislamu cha Mbale nchini Uganda, alibadilisha ada yake yote Mutukula kwa mtu wa kikokotoo, akafika pungufu na kuficha kwa muhula mzima akila mlo mmoja kwa siku. Mwingine alikuwa kijana tunayemfahamu vema. Alisema kwamba alipita Isebania miezi miwili kabla yetu, akakutana na mtu wa kofia ya viua na salamu kamili, akapoteza noti mbili. Kijana huyo alikuja kutuaga stendi ya Nyamhongolo. Alitubebea mkoba hadi kwenye basi.

Tukamuuliza kwa nini hakutuambia. Akatazama chini. "Niliona haya," akasema. "Watu wangesema nami nina akili gani."

Hapo ndipo tulipofahamu kuwa tapeli wa mpakani hatumii mtaji wa noti nne peke yake. Mtaji wake mkubwa ni haya zetu. Kila aliyedhulumiwa hunyamaza, na kila anayenyamaza humwandalia mwenzake. Waswahili walisema mficha uchi hazai, na mficha maradhi kifo humuumbua. Sisi tulificha, na maradhi yakawafikia wengine.

Katika mafundisho ya Mtume wetu (s.a.w.) lipo tukio linalostahili kufundishwa katika kila nyumba. Imepokewa na Bukhari na Muslim kwamba mtu mmoja katika zama zake alikuwa akihadaiwa mara kwa mara katika biashara. Akaenda kumweleza Mtume (s.a.w.). Hakukaripiwa wala hakuchekwa. Alifundishwa neno la kutanguliza katika kila mauziano, la kuweka wazi kuwa pasiwe na hadaa. Baadhi ya wanazuoni wakajenga juu ya tukio hilo haki ya mtu aliyepunjwa kuvunja mauziano. Tazama matunda yake: mtu mmoja alikubali kusema kuwa amedanganywa, na umma mzima ukapata kinga. Lau angeona haya, tungekosa sheria hiyo.

Pia inasimuliwa kuwa Sayyidna Umar (r.a.) alipoambiwa na mtu kuwa anamjua fulani, alimuuliza kama amewahi kuwa jirani yake, kusafiri naye au kufanya naye muamala wa dinari na dirhamu. Kumwona mtu akiinua na kuinamisha kichwa msikitini hakukumtosha. Kofia na salamu zina heshima yake, nasi hatutaacha kuitikia salamu ya Muislamu. Lakini salamu hujibiwa kwa salamu, fedha huhesabiwa.

Kabla ya kuvuka mpaka

Tangu Ijumaa ile, kamati huwasomea wasafiri mambo machache, nasi tunayaweka hapa ili yasomwe nyumbani na wazazi pamoja na watoto.

Kwanza, badilisha fedha benki au katika duka lenye leseni, na ikiwezekana ubadilishe mjini kabla ya kuondoka. Dai stakabadhi. Faida ndogo ya barabarani ndiyo chambo chenyewe.

Pili, jua sura ya fedha unayokwenda kuipokea. Noti ya shilingi 1,000 ya Kenya yenye sura ya Mzee Kenyatta peke yake haifai kabisa. Iliyo hai ina picha ya jengo. Noti ndogo za zamani zisikuhadae ukadhani kubwa nayo inatumika.

Tatu, piga hesabu yako mwenyewe kwenye karatasi kabla ya kufika. Nchi zote tatu huita fedha yake shilingi, lakini thamani ni mbalimbali: shilingi ya Kenya ni kubwa kuliko yetu mara nyingi, na ya Uganda ni ndogo kuliko yetu. Uendapo Kenya, fedha yako itapungua hesabu. Uendapo Uganda, itaongezeka. Asiyelijua hilo humwamini mwenye kikokotoo.

Nne, wewe ndiye uwe wa mwisho kuhesabu. Akichukua tena noti ili "kurekebisha," hesabu upya tangu mwanzo. Na usitoe zako kabla hujaridhika na zake.

Tano, usikubali kuharakishwa, hata kwa jina la swala. Sharia imemwekea msafiri wepesi; autumie.

Sita, ukishadhulumiwa, usimpitishie mwenzako. Allah (s.w.t.) ametuamrisha katika Surat al-Maida, aya ya pili, tusaidiane katika wema na tusisaidiane katika dhambi. Anayeuza noti iliyokufa kwa bei ya kutupa anajua inakokwenda. Toa taarifa polisi, kisha waambie watu wako.

Na wazazi, tunawasihi jambo la saba. Mtoto akirudi akasema amepoteza fedha kwa tapeli, neno la kwanza lisiwe kumuuliza akili zake zilikuwa wapi. Yule kijana wa Mbale alikula mlo mmoja muhula mzima kwa kuliogopa neno hilo.

Miezi michache baada ya hayo, mmoja wa wanajamaa alikwenda Kisumu kwa shughuli za samaki. Aliporudi alikuja moja kwa moja kwenye ubao wetu, akaweka kidole juu ya noti ya kwanza. Alisema kuwa kijana wa kofia bado yupo, na salamu yake bado ni tamu. Aliitikia, akamshukuru, akaenda dirishani. Mkononi alikuwa na salamu nyingine kwa mzee wetu, kutoka kwa mama wa chai, aliyekuwa ameuliza kama noti zile nne zilirudi mpakani.

Tulimtuma amjibu kuwa zipo ukutani, na ukutani zitabaki. Allah awarehemu walimu wetu waliotangulia, aturuzuku cha halali, na atuepushe na kudhulumu kama tunavyomwomba atuepushe na kudhulumiwa. Amin.